Hopa ya sarafu: kuifunga, kuipima na kuizuia isitoe chenji kimakosa

Mashine ya soda, mashine ya maji, mashine ya mchezo: wakati wa kurudisha hela ukifika, zote zinategemea kifaa kimoja kilichofichwa chini ya kesi. Ni bakuli lenye mota chini yake, nalo huitwa hopa. Ukiijua hopa umeijua nusu ya mashine. Nusu nyingine ni sarafu zenyewe, na hizo huleta matatizo mengi kuliko mota au bodi (saketi inayoiongoza mashine).

Ubishi wowote wa chenji kati ya mteja na mwenye mashine unaangukia kwenye moja ya mambo mawili: sarafu imetoka bila kuhesabiwa, au imehesabiwa bila kutoka. La kwanza linamla mwenye mashine, la pili linamla mteja. Kabla ya kugusa bisibisi, uliza kwanza ni lipi kati ya hayo. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha bodi, na bodi mara nyingi haina kosa lolote.

Safari ya sarafu moja

Chomoa umeme, toa hopa, mwaga sarafu zote, kisha rudisha tano tu za shilingi 500 za Uganda. Zungusha kisahani kilicho chini ya bakuli kwa kidole, polepole. Sarafu inalala ndani ya tundu la kisahani na kushuka hadi kwenye bati la chini. Vijino vilivyo upande wa chini wa kisahani vinaisukuma kwa duara. Inapofika upande wa mlango inakutana na kisu, kipande cha chuma kilichosimama wima, ambacho kinaizuia isiendelee na mzunguko na kuielekeza nje. Pale mlangoni kuna rola ndogo juu ya mkono wenye springi. Sarafu inausukuma mkono huo pembeni, na upana wake mkubwa ukishapita, springi inairusha nje: tak! Wakati inaruka, inakata mwale wa infraredi kati ya taa na kipokezi chake. Kukatika huko mara moja ndiko bodi inakoita sarafu moja.

Uzoee huo mlio. Hopa nzima inalia tak, tak, tak kwa mwendo mmoja. Mlio ukiwa mzito au ukikosekana, springi imechoka au rola imeliwa upande mmoja, na sarafu haitoki tena kwa kurushwa bali kwa kusukumwa na ile inayoifuata. Hapo ndipo sarafu ya mwisho inabaki nusu ndani nusu nje, tayari imehesabiwa, ikimsubiri mteja mwingine.

Muundo huo wa kisahani ndio utakaoukuta kwenye mashine nyingi ndogo. Hopa kubwa, za aina ya Universal kwa mfano, hutumia mkanda unaopandisha sarafu mojamoja kutoka chini ya bakuli hadi mlangoni. Mashine za vinywaji zenye kirudisha chenji cha kisasa hazina bakuli kabisa: sarafu hupangwa kwenye mirija, kila thamani mrija wake, na kisukumio kinaitoa ya chini kabisa. Mirija haikosei sana, lakini kila mmoja unabeba makumi tu ya sarafu. Ndiyo maana mashine za mchezo ziliiacha zamani. Mwaka 1963 kampuni ya Bally ya Marekani ilitoa mashine iitwayo Money Honey, iliyokuwa na hopa iliyoweza kulipa hadi sarafu 500 yenyewe bila mhudumu, na tangu hapo bakuli ndilo lililotawala.

Sarafu za Uganda na mitego yake

Hopa moja hubeba sarafu ya thamani moja. Hili halina mjadala, kwa sababu hopa haijui thamani, inajua umbo tu. Vipimo vya kuanzia ni hivi: sarafu ya 100 ina kipenyo cha karibu milimita 27, ya 200 karibu 25, ya 500 ni 23.5, na ya 50 karibu 21. Pima zako kwa kalipa, kumi za kila aina, zilizochakaa na mpya.

Ona kwamba 500 ni ndogo kwa kipenyo kuliko 200, ila ni nene zaidi. Ikiponyoka moja ikaingia kwenye hopa ya 200, itaingia vizuri kwenye tundu la kisahani, itatoka vizuri, na mashine itaiandika kuwa 200. Kila ikitokea hivyo umepoteza shilingi 300, na hakuna kengele itakayolia. Kinga yake ni ubao. Chukua mbao nyembamba au plastiki ngumu, toboa matundu ya milimita 24, na utikise sarafu juu yake kabla ya kujaza: za 500 zinapita, za 200 zinabaki juu. Za 50 nazo zitapita, lakini hizo jicho linaziona upesi.

Mtego wa pili ni madini. Sarafu za 100 na 200 za mwaka 1998 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na sumaku haizishiki. Zilizotoka miaka ya baadaye ni chuma kilichopakwa nikeli, na sumaku inazinasa. Zote ni halali na zote zimo mfukoni mwa mteja. Hopa yenyewe haijali, lakini kipokea sarafu, kile kilicho kwenye tundu la kuingizia, kinajali sana, maana kinasoma madini kwa koili. Ukikifundisha kwa sarafu za aina moja tu, kitakataa aina nyingine. Unapokifundisha, changanya: nusu zinazonaswa na sumaku, nusu zisizonaswa. Kipokea sarafu kikishindwa kuzikubali zote chini ya nafasi moja, zipe nafasi mbili zenye thamani ileile.

Kwa chenji, 500 ndiyo inayofanya kazi vizuri zaidi kwenye hopa. Ni nene, haipindi ovyo, na uzito wake wa karibu gramu 9 unaiwezesha kushuka kwenye tundu bila kusita. Uzito huo pia unakupa njia ya kuhesabu haraka. Pima sarafu 100 zilizohesabiwa kwa mkono, andika uzito uliopata, kisha tumia namba hiyo kama kipimo chako. Kilo 9 ni karibu sarafu elfu moja, yaani shilingi 500,000. Usitumie mizani kwa 100 na 200, kwa kuwa matoleo yake hayana uzito mmoja.

Sarafu chafu zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza, anika juani hadi zikauke kabisa. Achana na limao na siki. Zinang'arisha, kweli, lakini kwenye sarafu za chuma asidi inakula kile kipako cha nikeli, na baada ya wiki chache utaona unga wa kutu chini ya kisahani.

Kupanga hopa kwa sarafu yako

Tundu la kisahani liwe pana kuliko sarafu kwa nusu milimita hadi milimita moja. Likibana zaidi ya hapo, sarafu yenye ukingo uliopigwa nyundo au uliopinda inakwama. Likilegea sana, sarafu inalala kimshazari na kung'ang'ania chini ya kisu.

Kipimo kinachosahauliwa ni uwazi wa juu na chini, kati ya kisu na bati. Unapaswa kupitisha sarafu moja na kuzuia mbili. Chukua unene wa sarafu, ongeza milimita 0.3 hadi 0.5, usizidi hapo. Hopa iliyopangwa kwa 500 ina uwazi mkubwa, kwa hiyo ukibadilisha kisahani pekee na kuimwagia 100, ambazo ni nyembamba, mbili zilizochakaa zinaweza kupita zikiwa zimelaliana. Mwale unakatika mara moja, sarafu zinatoka mbili. Mwenye mashine atalaumu programu mwezi mzima, kumbe kosa ni skrubu mbili za kurekebisha kisu.

Unaponunua, angalia volti kwanza. Hopa ndogo za bei nafuu zinakuja kwa volti 12 au 24 na kwa sura zinafanana kabisa; tofauti iko kwenye kibandiko cha mota tu. Ya 24 ukiipa 12 itazunguka kivivu na kukwama kila inapojaa. Ya 12 ukiipa 24 itarusha sarafu kama njugu, kisha mota itanuka.

Waya

Usiamini rangi za waya. Viwanda havikubaliani, na hopa mbili za muuzaji mmoja zinaweza kutofautiana. Tumia multimita kwenye kipimo cha omu, umeme ukiwa umechomolewa: waya mbili zenye ukinzani mdogo, omu chache hadi makumi machache, ni za mota. Zinazobaki ni za sensa: chanya, hasi na ishara.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana. Kwenye hopa nyingi hasi ya mota na hasi ya sensa zimeunganishwa ndani. Fundi anaweka mosfeti (swichi ya elektroniki) upande wa hasi, kwa kuwa ndivyo michoro mingi inavyoonyesha, na kila anapozima mota anaizima na sensa pia. Ishara inaelea, bodi inahesabu sarafu za mizimu. Kama hasi ni ya pamoja, kata umeme upande wa chanya.

Njia rahisi na imara ni relei, swichi inayowashwa kwa umeme, yenye miguu mitatu ya mguso. Mguu wa kati uende kwenye chanya ya mota. Mguu unaofunga relei ikiwaka uende kwenye volti 12 (au 24). Mguu unaofunga relei ikizima uende kwenye hasi. Relei ikiwaka, mota inazunguka. Ikizima, ncha mbili za mota zinagusana kupitia relei, na mota inajifunga breki yenyewe ndani ya muda mfupi. Breki hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mota isiyo na breki inaendelea kujizungusha kidogo baada ya kukatiwa umeme, na hicho kidogo kinatosha kutoa sarafu moja ya ziada.

Ukitaka mota iweze kurudi nyuma ili ijikwamue, weka relei ya pili ya namna hiyohiyo kwenye hasi ya mota. Relei zote zikizima ni breki, ya kwanza pekee ni mbele, ya pili pekee ni nyuma. Masharti ni mawili. Waya za mota ziwe zimetenganishwa kabisa na za sensa, la sivyo ukigeuza umeme utaichoma sensa. Na usiache dayodi moja (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kati ya ncha za mota, maana mota ikigeuzwa dayodi hiyo inakuwa njia ya mkato na fyuzi inakatika, au relei inaungua kabla yake. Mahali pake weka kapasita ya nanofaradi 100 tu, ibane karibu na mota kabisa. Hopa zenye bodi yake ndani mara nyingi hujirudisha nyuma zenyewe. Hizo usiziongezee kitu.

Ishara ya sensa kwa kawaida ni ya kolekta wazi, yaani inaweza kushusha volti lakini haiwezi kuipandisha. Weka rezista ya omu 4,700 kati ya waya wa ishara na volti 5 za bodi. Kabla ya hapo, washa sensa na upime waya wa ishara ukiwa haujaunganishwa popote. Ukikuta unasoma volti 12, kuna rezista ndani ya hopa tayari, na ukiupeleka moja kwa moja kwenye bodi ndogo ya kuprogramu kama Arduino umeiua. Pitisha kwenye optokapla (chipu inayopitisha ishara kwa mwanga) kama PC817, na rezista ya omu 4,700 kwenye taa yake.

Fyuzi ni lazima. Hopa ndogo inapozunguka bila mzigo inakula chini ya nusu ampea, lakini ikikwama mkondo unapanda mara kadhaa na kubaki huko hadi kitu kiungue. Fyuzi ya ampea 2 isiyo na haraka inatosha kwa hopa moja ndogo. Kwa kubwa fuata kibandiko. Waya za mota usizifunge pamoja na waya wa ishara kwenye mrija mmoja. Zikilazimika kukutana, zipishane kama njia panda.

Programu: lini uzime mota

Kwenye hopa ya kisahani yenye springi, kata umeme wa mota pale mwale unapoanza kukatika kwa sarafu ya mwisho. Sarafu imesharushwa, itatoka tu. Kwenye hopa ya mkanda subiri mwale ufunguke ndipo ukate, kwa sababu mkanda ndio bado unaibeba.

Ishara fupi kuliko milisekunde 5 itupe, hiyo ni kelele ya umeme. Mwale ukibaki umekatika zaidi ya nusu sekunde, kuna sarafu iliyokwama mlangoni. Simamisha mota na uonyeshe hitilafu. Sekunde 3 zikipita mota ikizunguka bila sarafu kutoka, rudisha nyuma kwa thuluthi ya sekunde, kisha jaribu tena. Majaribio yawe matatu, basi. Mashine inayojaribu bila kikomo usiku kucha ndiyo utakayoikuta asubuhi na meno ya gia yamesagika.

Kisha kuna suala la umeme kukatika. Mteja ameshinda au anadai chenji ya sarafu kumi, zimetoka sita, taa zimezima. Umeme ukirudi, mashine isiyo na kumbukumbu inaanza upya kama vile hakuna kilichotokea, na mteja bado amesimama pale. Andika deni kwenye kumbukumbu ya kudumu kabla mota haijawaka, na upunguze moja kila sarafu inapotoka. Ila fahamu kwamba kumbukumbu ya EEPROM ya Arduino Uno imehakikishwa kwa uandishi wa mara 100,000 kwa kila nafasi. Mashine inayotoa sarafu 400 kwa siku, ikiandika mahali pamoja, inafika kikomo hicho kwa siku 250. Zungusha uandishi kwenye nafasi nyingi, hamsini kwa mfano, au tumia chipu ya FRAM, kumbukumbu inayovumilia uandishi mwingi zaidi.

Bodi pia inahitaji pumzi ya mwisho ya kuandika. Weka kapasita ya maikrofaradi 4,700 kwenye njia ya volti 12 inayolisha bodi pekee, nyuma ya dayodi ili mota isiinyonye. Bodi inayokula miliampea 100 itapata kama sehemu ya tano ya sekunde, na kuandika nafasi moja kunahitaji milisekunde chache tu.

Kuipima kabla ya kuikabidhi

Wengi hupima kwa kuiambia hopa itoe sarafu 100, wanazihesabu, zikitimia wanafunga kesi. Hicho si kipimo, kwa sababu hopa nyingi hukosea zinaposimama, na malipo ya sarafu 100 yana kusimama mara moja tu.

1. Jaza bakuli robo tatu. Toa sarafu moja, mara 50. Hesabu kwa mkono.
2. Toa saba, mara 10.
3. Toa 20, mara 5.
4. Rudia hatua ya kwanza bakuli likiwa na sarafu kama 40 tu.

Kisha soma matokeo. Ziada ikionekana kwenye hatua ya kwanza lakini si ya tatu, breki ndiyo mbovu. Ziada ikijitokeza ovyo kwenye malipo marefu, kuna sarafu zinazopita mbilimbili, rudi kwenye uwazi wa kisu. Pungufu ikitokea bila mpangilio, ni kelele ya mota inayohesabiwa kama sarafu: angalia kapasita, rezista na njia ya waya. Pungufu ya moja ambayo malipo yanayofuata yanaifidia kwa ziada ya moja ni ile sarafu iliyobaki mlangoni, badilisha springi. Hatua ya nne inafichua hopa inayotoa vizuri ikiwa imejaa na kuzunguka bure ikikaribia kuisha, jambo ambalo hutokana na bakuli lililofungwa likiwa limeinama. Weka pima-maji juu ya kesi kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kile ambacho huharibika

Vumbi ndilo adui wa kwanza. Mashine iliyo barazani kando ya barabara ya murramu hupata ukoko mwekundu kwenye sensa ndani ya wiki chache za kiangazi. Kipokezi kinaona kana kwamba kuna sarafu mlangoni muda wote, na hopa inakataa kuwaka. Pamba na spiriti vinatosha, futa taa na kipokezi, subiri dakika moja ikauke. Kwa mashine ya barazani fanya hivyo kila wiki, ya ndani ya duka kila mwezi.

Usitie mafuta kwenye njia ya sarafu, hata kidogo, hata kile kipulizio ambacho kila gereji inacho. Mafuta yakikutana na vumbi na unga wa madini unaotoka kwenye sarafu yanakuwa uji mzito, na uji huo unagundisha sarafu mbili pamoja. Grisi ni ya gia tu, kiasi cha punje ya mchele.

Mota inayohitaji kugongwa ndipo iwake ina brashi za kaboni zilizoisha. Kuigonga kutasaidia siku tatu au nne. Mota ikizunguka lakini kisahani kikawa kimetulia, gia ya plastiki imekatika meno, na chanzo chake karibu kila mara ni mashine isiyokuwa na kikomo cha majaribio.

Kuna na vile vibati viwili vilivyo chini ya bakuli kwenye hopa kubwa. Sarafu zikivilalia zinaunganisha umeme, na bodi inajua bado kuna akiba. Sarafu zenye uchafu haziunganishi vizuri, kwa hiyo mashine inaweza kusema imeisha huku bakuli limejaa. Sugua vibati kwa karatasi ya kawaida, msasa utaviparuza. Na usimwage mfuko mzima wa sarafu kutoka juu. Uzito huo unavipinda. Bakuli lisizidi robo tatu, kwani mota inaanza kwa shida sana chini ya mzigo wa kilo kadhaa.

Mlango wa kutolea

Miaka ya 1990 Mmarekani Tommy Glenn Carmichael alijulikana kwa kijitaa alichokiingiza kwenye mlango wa kutolea sarafu: sensa ikamulikwa, ikaacha kuhesabu, hopa ikaendelea kumwaga. Mashine nyingi za bei nafuu zina udhaifu huohuo hadi leo. Dawa ni ya programu zaidi kuliko vyuma. Kila baada ya muda mfupi zima taa ya infraredi kwa milisekunde moja na usome kipokezi. Taa ikiwa imezimwa kipokezi lazima kione giza. Kikiona mwanga, kuna mwanga wa mtu mwingine, simamisha mota mara moja. Hii inahitaji hopa ambayo taa yake ina waya wa peke yake. Kama haina, weka sensa ya pili ndani zaidi ya kona, mahali ambapo hakuna kitu kinachofika kikiwa kimenyooka. Mrija wa kutolea sarafu uwe na mikunjo miwili. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaweza kukukunjia bati la unene wa milimita 1.5, waonyeshe sarafu yenyewe ili wasibane njia.

Kwa mashine ya mchezo kuna sharti jingine lisilohusu bisibisi. Chini ya Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya Uganda ya mwaka 2016, huwezi kuiendesha bila leseni ya bodi inayosimamia michezo hiyo, na aliye chini ya miaka 25 haruhusiwi kucheza. Fundi unayeitwa kufunga hopa kwenye mashine ya namna hiyo, omba kuona leseni kabla ya kufungua kesi. Mashine ikikamatwa, hopa yako inaondoka nayo.

Hopa iliyotumika

Ikiuzwa bei nzuri, ichunguze hapohapo dukani. Zungusha kisahani kwa mkono mzunguko mzima: pakiwa na mahali panapokaza, gia ina jino lililovunjika. Vuta mkono wa rola kwa kidole na uuachie. Urudi kwa nguvu, usijivute. Tazama ukingo wa kisu kwa taa ya simu. Ukiwa na mfereji uliochimbwa na sarafu, kisu hicho kimeshatoa sarafu nyingi sana na uwazi wake haupimiki tena sawasawa, hivyo hesabu bei ya kisu kipya ndani ya bei unayoambiwa. Mwisho omba betri ya volti 12 kwa muuzaji, au ya 24 kama ndivyo kibandiko kinavyosema, tia sarafu ishirini zako mwenyewe, na usikilize ule mlio.